Kwa Ada Tuliyolipa

Jumanne, 3 Juni

Nimechaguliwa katibu wa klabu ya shabaha kwa sababu nilitoka nje kuleta viti. Niliporudi, viti vimenijaa mikononi, watu walikuwa wanapiga makofi. Nikadhani wamefurahia viti. Shemeji, ambaye ni Mwenyekiti wetu na kaka mkubwa wa mume wangu, akasema, "Tumekubaliana kwa kauli moja." Nikamuuliza kauli ya nani. Akasema, "Ya kwako haikuwepo, kwa hiyo haikupinga."

Mimi ni mshona mapazia na vitambaa vya makochi. Shabaha naipenda kwa sababu ukilala pale na bunduki yako hakuna mtu anayekuuliza pazia lake limefika wapi. Sasa mashindano yote ya msimu, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mpaka Septemba, yako juu ya kichwa changu.

Kwenye kikao hichohicho Shemeji alipandisha ada ya kushiriki. Daktari wa Meno, ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao bila kunyoosha mkono, akauliza, "Mwenyekiti, kwa ada hiyo tunapata nini?"

"Mnapata nafasi ya kupiga."

"Nafasi ya kupiga tulikuwa nayo hata kwa ada ya zamani."

Shemeji akaninyooshea kidole. Wote wakanigeukia mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeuliza kwenye kundi letu la simu: mwenzangu, ukilipa ada, unategemea kupata nini? Nilidhani nafanya jambo la busara.

Ijumaa, 6 Juni

Simu imelia kutwa mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Wanataka kivuli. Wanataka chai, na sukari iwekwe pembeni, si ndani. Wanataka choo chenye komeo. Wanataka mashindano yaanze saa iliyotangazwa, wanataka matokeo kabla hawajaondoka, wanataka medali zisizopauka. Wanataka magodoro mapya ya kulalia. Wanataka vibendera vya kuonyesha upepo. Daktari wa Meno ameandika ujumbe mrefu kuliko mahubiri, nusu yake kuhusu karatasi za shabaha kwamba ni laini na tundu linachanika vibaya. Mmoja ameandika neno moja tu: "Kushinda."

Mama Famasia, mwenye duka la dawa karibu na stendi, ambaye ndiye anayepiga vizuri kutuzidi sote, hakuandika kitu.

Shemeji alikuja kula kwetu jioni, kama kila Ijumaa tangu mkewe afariki. Nikamsomea. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sisi tulipoanza, kila mtu alikuja na maji yake na risasi zake. Tulichonga ule uwanja kwa sururu. Nani aliuliza sukari?" Mume wangu akasema zama zimebadilika, kaka. Shemeji akasema, "Ehe?" Mume wangu akarudia. Shemeji akasema, "Ndiyo, nimeshiba."

Jumapili, 15 Juni

Nimeshona vibendera. Kitambaa nimetumia mabaki ya mapazia, maana klabu haina fedha ya kitambaa kipya. Vya kijani vingi, vingine vina maua. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na huwa hana maneno, alivitazama vikining'inia sebuleni akasema uwanja utafanana na saluni.

Jumatano, 25 Juni

Baridi na vumbi. Magodoro yamekuja. Yananuka mbuzi.

Jumapili, 29 Juni

Mashindano ya kwanza yamekwisha na mimi nimekwisha nayo.

Uwanja wetu ni machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji. Upande mmoja kuna mstari tunapolala, upande wa pili kuna ukuta wa jabali na tuta la mchanga, na mbele ya tuta mbao zinazobandikwa karatasi. Funguo ya geti anayo Shemeji, kwa kuwa mkataba wa eneo uko kwa jina lake. Leo aliisahau nyumbani, akarudi kuifuata kwa mwendo wake. Washiriki wakakaa nje ya geti, wamekumbatia bunduki zao ndani ya mifuko, wananitazama mimi.

Baada ya hapo ikawa ni kulalamika mwanzo mwisho. Kivuli cha turubai kinaangukia nyuma ya miguu, si kichwani. Vibendera vya maua vinavuruga macho. Chai ina moshi. Daktari wa Meno alilala kwenye godoro lake, akanyanyuka, akaniita kando kwa adabu zote. "Katibu, nisamehe, lakini hivi nimelipa ada nilale na mbuzi?" Nikamwambia mbuzi ameshaondoka, ni harufu tu. Hakucheka.

Matokeo niliyabandika watu wengi wakiwa wameshaondoka. Shukrani ya punda ni mateke, waliosema hivyo walikuwa wameendesha mashindano.

Kuna jambo moja limenikaa. Msimamizi wa mstari ni Mwalimu wa Udereva. Ndiye anayetoa amri: pakia, piga, acha kupiga. Sauti yake imezoea kushindana na injini. Alipotamka "Acha kupiga" mara ya pili, wote tukaacha, na Shemeji akapiga moja zaidi. Watu walikuwa bado wamelala, kwa hiyo hakikuharibika kitu. Mwalimu wa Udereva alinitazama. Nikamtazama.

Nimemwambia mume wangu. Akasema, "Vumbi la siku hizi linaziba hata mabomba, sembuse masikio."

Ijumaa, 11 Julai

Nimetafuta fundi wa komeo la choo. Anasema atakuja kesho.

Jumamosi, 12 Julai

Hakuja.

Jumamosi, 19 Julai

Amekuja. Komeo limefungwa. Nimeosha foronya zote za magodoro na kuzianika uani, na mteja wa mapazia ya harusi amekuja akakuta mapazia yake hayajaguswa. Ameondoka bila kuaga. Ana haki.

Jumapili, 27 Julai

Tumeanza saa iliyotangazwa. Naandika kwa wino wa kawaida lakini ningekuwa na wa dhahabu ningeutumia. Chai ilikuwa chai, na matokeo yalibandikwa kila kundi la wapigaji lilipomaliza.

Komeo jipya lilimfungia Daktari wa Meno chooni. Alibisha kwa ustaarabu kwanza, kisha bila ustaarabu. Alipotolewa aliomba zamu yake irudishwe nyuma kwa kuwa moyo unamwenda mbio. Niliirudisha. Waliokuwa baada yake wakalalamika.

Sasa la maana. Kwa kuwa matokeo yanabandikwa mapema, kila mtu anayaona, na Shemeji ameyaona ya kwake. Alikuwa mkiani kabisa. Alisimama mbele ya ubao akiwa amefunga mikono nyuma, kama anasoma tangazo la mnada. Akaniambia, "Nani amepima karatasi yangu?" Nikasema nimeipima mimi. Akasema, "Ipime tena." Nikaipima tena mbele yake, kwa kile kipimio kidogo cha kuingiza kwenye tundu. Yalikuwa yaleyale. Akasema, "Karatasi ni laini," maneno ya Daktari wa Meno matupu, yule yule aliyekuwa anamcheka.

Na tena alichelewa kuacha. Mwalimu wa Udereva ilibidi amguse begani.

Wakati wa kukunja turubai Mwalimu wa Udereva akanijia. "Katibu, mwambie mzee. Hasikii."

"Wewe ndiye msimamizi wa mstari."

"Mimi ni msimamizi, yeye ndiye aliyeniweka. Wewe ni shemeji yake."

"Ndiyo sababu siwezi."

"Basi na mimi ndiyo sababu siwezi."

Tukamaliza kukunja turubai.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemwomba mume wangu azungumze na kaka yake. Akasema mtu ukimtoa kwenye kitu pekee kilichobaki naye, umemtoa duniani. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akitaka kunichekesha, kisha mwenyewe hakupenda alivyosema, akaenda kufungua jokofu la mtu ambalo lilikuwa limeshapona.

Alhamisi, 14 Agosti

Joto limeanza, na upepo. Wanauliza kwenye kundi kama mwezi huu kutakuwa na miavuli. Mmoja anauliza kwa nini medali ni ndogo kuliko za klabu ya mji wa pili. Nimemjibu kwa sababu shingo zetu ni ndogo. Amenuna.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda kwa Shemeji. Nilijipanga njia nzima. Nilisikia televisheni yake tangu kona ya mtaa. Nilibisha hodi mpaka vidole vikauma, nikaingia bila kukaribishwa, nikamkuta anasafisha bunduki, kitambaa kimetandazwa mezani, kila kipande mahali pake. Mikono yake imetulia kuliko yangu. Alifurahi kuniona. Akaninyanyukia, akapunguza televisheni.

"Shemeji, karibu. Nilikuwa nawaza mambo ya Jumapili. Unajua mimi wiki zote huwa nazihesabu kama mtu anayesubiri mshahara."

Nilikaa. Nilimuuliza habari ya afya, akanijibu habari ya mafuta ya bunduki. Nilimwambia kwa sauti, "Shemeji, masikio yako unayaonaje?" Akasema, "Yapo." Tukacheka wote wawili. Kisha akanichumia mapapai kwenye mti wake, nikarudi nayo nyumbani, na lile lililonipeleka likiwa bado kifuani.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika kwa sababu mikono inataka kitu cha kufanya.

Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi, vibendera vimenyooka kama vimepigwa pasi. Nilikuwa nimepata miavuli. Ni hiyo miavuli iliyotuponza, au ni mimi niliyeitafuta, au ni wote waliotaka wapewe. Daktari wa Meno alikuwa anaongoza, na mwavuli wa jirani yake ulikuwa unatupa kivuli kinachocheza juu ya bunduki yake. Kundi lilikuwa limekaribia kumaliza. Mwalimu wa Udereva akatoa amri ya kuacha. Kanuni ni kwamba akishatoa amri anapita mstari mzima, anaona kila bunduki imefunguliwa na ni tupu, ndipo anasema "Nendeni" na watu wanakwenda kubadili karatasi.

Alipita nusu ya mstari. Daktari wa Meno akamshika mkono. "Msimamizi, kabla hujaenda, hili la mwavuli nataka liandikwe." Mwalimu wa Udereva akasema litaandikwa. Daktari akasema liandikwe sasa. Wakabishana. Nilikuwa meza ya chai na sukari mkononi, nikamsikia Mwalimu wa Udereva, amechoka, anataka tu mtu huyu amwachie mkono, akisema "Nendeni, nendeni" huku hajafika mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari ndipo alipokuwa Shemeji.

Watu wakaenda. Mama Famasia alikuwa mbele, huwa hapotezi muda. Alikuwa amevaa gauni la kijani. Akafika kwenye ubao wake, jirani na wa Shemeji, akaanza kubandua karatasi.

Shemeji akapiga.

Bunduki zetu ni ndogo, mlio wake si mkubwa, ni kama mtu kapiga ubao kwa rula. Lakini kila mtu aliusikia kwa sababu haukutakiwa kuwepo. Watu waliokuwa njiani wakasimama walipo. Mama Famasia alibaki ameshika karatasi kwa mikono miwili. Nguzo ya mbao iliyokuwa pembeni ya nyonga yake ilikuwa na tundu jipya jeupe, vumbi la mbao bado linadondoka. Hakupiga kelele. Alikaa chini, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kiti.

Na Shemeji, bado amelala, jicho kwenye bunduki, akauliza, "Imeingia wapi?"

Sijui sukari niliiacha wapi. Nilikwenda nikashika mtutu nikausukumia mchangani, nikafungua, nikatoa ganda la risasi. Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Shemeji, unafanya nini? Sijamaliza."

"Wameambiwa waache. Watu wako mbele."

"Nani kasema waache?"

Nikamwonyesha. Akatazama. Sasa aliona watu wamesimama kule, na mmoja amekaa chini.

"Shemeji," nikasema, na nilisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na yeye pia, "toka kwenye mstari. Hupigi tena."

Aliinuka kwa magoti kwanza, kisha kwa mkono. Hakuna aliyemsaidia, na hilo nitalikumbuka. Alipita katikati ya watu mpaka getini. Hakuchukua hata mfuko wa bunduki.

Nikasema mashindano yamesimama. Hakuna aliyebisha. Ni mara ya kwanza msimu huu nimetamka jambo na hakuna aliyebisha.

Mume wangu alirudi kwenye saa za kula akiwa ameshasikia njiani. Alikaa mlangoni, hakuvua viatu. "Ungemwambia pembeni," akasema.

"Nilikuwa na muda wa kumpeleka pembeni?"

"Mbele ya watu wote, mke wangu. Mzee yule."

Niliwahi kumwomba aseme, akafungua jokofu. Na mimi nilikwenda nikarudi na mapapai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na leo ukuta ulitaka kujengwa kwa mwili wa mtu.

Jumatatu, 1 Septemba

Watatu wanadai ada yao irudishwe. Daktari wa Meno hadai. Anauliza kama alama za jana zitahesabiwa, kwa kuwa alikuwa anaongoza.

Nilimpigia. Nilimwambia mambo ambayo katibu hatakiwi kumwambia mwanachama. Kisha akasema, "Nilikuwa nimemshika mkono."

"Ndiyo."

"Sijalala, Katibu. Niliandika hayo ya alama kwa sababu sikujua niandike nini."

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Mama Famasia. Alikuwa nyuma ya kaunta, anamwelekeza mtu namna ya kumpa mtoto dawa ya matone. Nikasubiri zamu yangu kama mgonjwa. Alipobaki peke yake nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja, akanivutia kiti.

"Uliuliza kwenye kundi tunategemea nini kwa ada yetu," akasema. "Sikujibu. Niliona wenzangu wanataja chai, nikaona mimi sina la kutaja. Mimi nataka nilipe, nipige, nirudi nyumbani. Hilo la tatu nilidhani linakuja bure."

Nikamuuliza kama atarudi uwanjani. Akasema bado hajui. Usiku anaisikia ile sauti ndogo. Kisha akaniuzia dawa ya kichwa, na alinilipisha bei kamili. Nilimpenda kwa hilo.

Ijumaa, 5 Septemba

Shemeji hakuja kula. Mume wangu alimpelekea chakula, akarudi nacho. Ametuma neno kwamba Septemba hakuna mashindano, geti halitafunguliwa. Mume wangu aliliweka neno hilo mezani pamoja na sufuria, akaenda kulala.

Jumapili, 7 Septemba

Tumekutana bila Mwenyekiti, sebuleni kwangu, katikati ya mapazia ya watu. Mwalimu wa Udereva aliomba ajiuzulu. Nikamwambia kujiuzulu ni rahisi, abaki.

Tumeweka kanuni mpya. Hakuna anayekwenda mbele mpaka kila bunduki iwe imefunguliwa na imechomekwa utepe wa njano kwenye chemba, pale risasi inapoingia, na watu wawili wameiona kwa macho. Hakuna anayezungumza na msimamizi akiwa anakagua, hata nyumba ikiungua. Na kila mtu, kabla ya kupiga, atasimama amempa mgongo Mwalimu wa Udereva, naye atasema amri kwa sauti ya kawaida. Asiyesikia hapigi.

Mmoja akasema, "Sasa tunalipa ada tupimwe masikio?" Daktari wa Meno akamgeukia. "Ndiyo," akasema. "Na mimi nitaanza." Sijawahi kumsikia akitumia maneno machache kiasi hicho.

Tepe za njano nitakata mimi. Nani mwingine.

Jumanne, 16 Septemba

Geti bado. Simu hapokei. Mume wangu na mimi tunaongea habari za umeme na maji tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo televisheni ya Shemeji ilikuwa kimya. Nilibisha, na akafungua mara moja, maana alikuwa amekaa karibu na mlango. Amepungua. Nilikuwa nimekwenda na hasira yangu yote, nimeipanga vizuri: kuhusu geti, kuhusu chakula kilichorudishwa, kuhusu kunifanya mimi mkosaji. Nilikaa nikaanza. Akaniacha nimalize. Sijui alisikia kiasi gani, lakini alikuwa anatazama mdomo wangu, na nikatambua amekuwa akitazama midomo yetu muda mrefu, kila Ijumaa, huku sisi tunasema na sahani.

Kisha akasema, "Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Yule mama. Niliona kitu cha kijani kando ya karatasi yangu kinapepea. Nikasema, shemeji yangu ameongeza kibendera." Akatazama mikono yake. "Nikakitumia kusoma upepo. Nikasogeza lengo kidogo kufuata upepo, upande wa mbali naye. Ningekuwa sijamwona kabisa, au upepo ungekuwa unatoka huku..."

Vile vibendera vya kijani nilivishona mwenyewe.

Hasira yangu niliitafuta, sikuiona.

"Siogopi aibu," akasema baadaye. "Watu wanadhani nimefunga geti kwa sababu ya aibu. Nimefunga kwa sababu kila nikifumba macho namwona anakaa chini. Nikasema basi pasiwepo na pahali hapo."

"Shemeji, pahali papo. Tumeweka kanuni."

Nikamweleza, kwa polepole, uso kwa uso. Ya tepe akaikubali kwa kichwa. Ya kusikia amri akaiwazia. "Hiyo ingenitoa mimi Juni," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hamkuiweka Juni?"

Nilimwambia ukweli: tulikuwa tunamheshimu. Akasema, "Heshima gani hiyo," lakini si kwa ukali. Akaingia ndani akaleta funguo, akaniwekea mkononi. Nikamwambia aje, akae na sisi. Akasema, "Nikae kama sufuria lililotoboka? Nendeni. Mimi siji."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu kila neno. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema ilikuwa kazi yake, si yangu. Nikamwambia ndiyo. Tulikula pamoja.

Ijumaa, 26 Septemba

Wanauliza kama Jumapili kutakuwa na chai. Dunia imerudi kama ilivyokuwa.

Jumapili, 28 Septemba

Niliketi kwenye meza ya kujiandikisha na foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea. Daktari wa Meno alikuwa wa kwanza, akageuka kumpa mgongo Mwalimu wa Udereva kabla hajaambiwa. Mama Famasia alikuja akiwa kimya kama kawaida, amevaa nyeupe. Aliposimama mbele yangu nikamwambia karibu. Akasema ahsante.

Nilikuwa nimeinama naandika, mkono ukaweka ada mezani, mkono ninaoujua. Nikainua kichwa. Shemeji, amevaa kofia yake na shati limepigwa pasi. Mume wangu alikuwa nyuma yake, amemleta kwa gari la kazi.

"Shemeji," nikasema, nikihakikisha anauona mdomo wangu, "hutapiga."

"Najua."

"Sasa unalipia nini?"

"Nalipia kulalamika," akasema. "Wenzangu wote wanayo haki hiyo, na mimi mwenyewe niliwauzia. Andika."

Nikaandika. Foleni nzima ilikuwa inatazama kwingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Famasia. Alivua kofia. Sikusikia waliyosema, na sikwenda karibu ili nisisikie. Walisimama kwa muda. Yeye ndiye aliyezungumza zaidi, na mwishoni Mama Famasia alimwonyesha kiti, karibu na mstari, mahali ambapo mtu anaona mbao zote kule mbele. Akakaa.

Na hapo akaanza kutumia ada yake. Kiti kina mguu mfupi. Chai imepoa, na ilipopashwa ikawa ya moto mno. Mwavuli unamkinga nani. Mwalimu wa Udereva anaongea kama mtu mwenye pamba mdomoni. Tepe za njano zimepindwa vibaya, na hilo ni uongo, nimezikata kwa mkasi wa hariri. Nilipita pale mara nyingi nikiwa na shughuli zangu na kila nikipita kulikuwa na jipya. Kabla ya mchana nilikuwa nimeshatamani aende nyumbani.

Lakini kila mara kundi lilipomaliza na watu wakaenda mbele kubadili karatasi, alisimama. Aliegemea kiti kile chenye mguu mfupi, akawahesabu kwa kidole wakiwa wanakwenda, na wakianza kurudi akawahesabu tena, na kabla hajaridhika alikuwa anapaza sauti ile ya mtu asiyejisikia: "Wamerudi wote? Wamerudi wote?" Hakutulia mpaka Mwalimu wa Udereva ageuke amwonyeshe dole gumba. Kundi baada ya kundi, kutwa nzima.

Mama Famasia alishinda. Daktari wa Meno alikuwa wa pili na alimpa mkono.

Wakati wa kufunga, washiriki wawili walinijia wakiwa na mifuko yao begani. Walikuwa wapole sana. Walisema mashindano yalikuwa mazuri, chai nzuri, matokeo kwa wakati. Kuna moja tu. Mzee wangu yule anapiga kelele, na mtu amelipa ada yake ili apige kwa utulivu, je, kama katibu sioni kwamba nina wajibu wa kumnyamazisha?

Msimu mzima nimepokea kila lalamiko, la sukari, la kivuli, la mbuzi. Hilo nimelikataa.